Dakika Sita za Urbanus

Hakuna kitu kilichomuudhi Sumayya kama mabano. Si mabano yote. Yako mabano ya heshima, yale yanayomwambia asiyesikia kwamba [mlango unagongwa] au [mvua inapiga mabati], ili asikae mbele ya skrini akishangaa kwa nini msemaji amenyamaza. Hayo Sumayya aliyaandika kwa moyo mweupe. Yaliyomkera ni mabano ya uvivu, ya mtu aliyejiamulia kwamba jambo fulani si lazima limfikie kila mmoja. Na mabaya kuliko yote aliyowahi kuyaona katika miaka yake saba ya kazi, aliyaandika yeye mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuandika maneno yanayopita chini ya video, sabtaito kama walivyoyaita ofisini. Shirika lake, Ghala Salama, lilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos. Lilirekodi mazungumzo ya wataalamu wa kilimo na kuyasambaza kwa vikundi vya wakulima. Watu walidhani ni kazi ya kusikia na kupiga chapa tu. Wangejaribu siku moja waone. Mistari miwili kwa wakati mmoja, isizidi, nayo ikae kwenye skrini muda wa kumtosha mama anayesoma huku akichambua kunde. Msemaji akibadilika, jina lake litajwe. Sentensi ikatwe pale mtu anapovuta pumzi, si katikati ya wazo. Ukiandika neno gumu umemfungia mtu mlango, na ukifupisha mno umemwibia. Sumayya aliweza kukaa robo saa juu ya mstari mmoja, mpaka wenzake wakamtania kwamba anapika biriani mahali palipoagizwa chai.

Mwishoni mwa Januari walirekodi mazungumzo katika ukumbi wa kanisa moja huko Kyumbi. Mvua isiyo na adabu ilikuwa imewakuta watu mahindi yakiwa bado shambani, na kila nyumba ilikuwa na magunia yenye punje za kijani na nyeusi. Msemaji alikuwa Urbanus, bwana shamba mstaafu, mtu mfupi mwenye mikono isiyotulia. Kwa dakika ishirini alizungumza Kiswahili: anikeni juu ya turubai, si kwenye udongo, chambueni kabla ya kuweka ghalani, yaliyoota kuvu yatengeni. Kisha akasema, "Sasa hayo uliyotenga, nisikilizeni vizuri." Akaiweka maikrofoni mezani na kuhamia Kikamba.

Kila mtu wa Machakos anaijua tabia hii. Mwanasiasa, mhubiri, mwalimu mkuu, wote huanza kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni na kamera, lakini jambo likifika jikoni, Kiswahili huachwa sebuleni. Lile hasa ambalo mtu anataka urudi nalo nyumbani hulisema kwa Kikamba. Urbanus alisimama dakika sita nzima akiwasuta akina mama. Alishika mchi usiokuwepo, akatwanga katika kinu kisichokuwepo, akapepeta maganda, akapika, akala, akalamba vidole, na ukumbi ukacheka mpaka watu wakafuta machozi. Alikuwa akimwigiza mama anayedhani kwamba mahindi yenye kuvu ukiyatwanga yakawa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, sumu ya kuvu huondoka pamoja na maganda. Walipokwisha kucheka akawaambia kwamba haiondoki, na kwamba mahindi hayo ni ya kufukiwa.

Sumayya alielewa kila neno. Ukoo wake ulitoka pwani zamani za babu wa babu yake, ukafanya biashara na kuzikana Machakos, na yeye Kikamba alikinywa utotoni kwenye kibanda cha mama yake cha viungo sokoni. Alizitafsiri zile dakika sita kwa maneno mepesi, akazipanga, akazikagua mara tatu. Ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote mwaka ule.

Meneja wake, Macharia, aliitazama mara moja tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mwongozo. Kama mwongozo ungesema wafanyakazi waingie ofisini kinyumenyume, Macharia angekuwa wa kwanza kugeuka.

"Sumayya, mwongozo unasema lugha moja," alisema. "Hii video ni ya Kiswahili. Hapo weka tu kwa mabano kwamba anaongea lugha ingine."

Sumayya alimweleza kwamba hapo ndipo mazungumzo yenyewe yalipo. Macharia akajibu bila kuondoa macho kwenye simu kwamba Wakamba watasikia Kikamba chao, na wasio Wakamba hawali muthokoi kila siku, sasa ni nani atakosa? Sumayya akasema: asiyesikia. Macharia akafikiri kidogo, kwa haki kabisa, kisha akasema kwamba kiziwi atasoma hizo dakika nyingine, na dakika ishirini na kitu si haba. Video ilitakiwa Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa.

Sumayya alirudi kwenye meza yake akiwa amevimba kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo akafuta mistari mia moja na minne, mmoja baada ya mwingine. Mahali pake akaweka mmoja: [Anazungumza Kikamba. Watu wanacheka.] Faili ya kwanza aliihifadhi kando, kama vile kuhifadhi kungemsaidia mtu. Alijiambia kwamba amepigana. Hakuwa amepigana. Alikuwa amenung'unika, na kunung'unika hakujawahi kumfukuza fisi zizini.

Mwezi wa sita kikundi kimoja cha Tala kiliandika barua ya kualika ofisi kwa chakula cha mchana. Kilikuwa kikundi cha viziwi, nyumba kumi na moja, na mwenyekiti wake aliitwa Munyiva, fundi wa nguo mwenye cherehani karibu na soko la mitumba. Barua ilisema wanataka kushukuru kwa sababu ya video. Hakuna kikundi kilichowahi kushukuru sabtaito. Sumayya aliibandika barua ile ukutani juu ya meza yake, na kwa siku nne alitembea ofisini kichwa juu, hasira ya Januari akiwa ameisahau kabisa. Macharia alisema picha za siku hiyo zitafaa sana kwenye ripoti.

Wathome, dereva wa ofisi, aliwapeleka na ile pikapu ya viti vitano. Munyiva aliwapokea mlangoni kwa mikono yote miwili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye macho makali yanayofuata midomo ya watu. Alimwandikia Sumayya kwenye simu kwamba yeye aliupoteza usikivu akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa homa ya uti wa mgongo, ndiyo maana Kiswahili anakijua. Wenzake wengi walizaliwa hivyo, na shuleni walifundishwa ishara na Kiingereza, Kiswahili hawakukipata. Kwa hiyo video ikija, yeye husimama kando ya skrini, anasoma na kuwaeleza kwa ishara. "Maneno yako ni mepesi, dada," aliandika. "Yananipa nafasi ya kugeuka."

Sumayya nusura alie pale pale. Miaka saba alikuwa akihesabu nafasi ya mtu asiyemjua kugeuka, na huyu hapa, mtu mwenyewe, amesimama mbele yake.

Ndani kulikuwa na watu kama ishirini na watoto wao. Munyiva aliomba radhi kwamba mwanawe, Mumo, wa miaka minne, amelala chumbani. Macho yamekuwa manjano tangu wiki iliyopita na tumbo limemjaa, na dawa ya malaria haijasaidia. Sumayya akampa pole. Kisha chakula kikaletwa, sufuria kubwa ya muthokoi na mbaazi, iliyopikwa bila nyama makusudi kwa sababu walijua Sumayya ni Mwislamu na hawakutaka awe na wasiwasi wa kuuliza. Macharia alipewa sahani ya kwanza, imejaa. Sumayya aliweka yake kando kwa sababu alikuwa bado anaunganisha nyaya za projekta.

Munyiva akasimama mbele na kufungua karatasi kubwa ya manila aliyokuwa ameiandika kwa kalamu nene. Ilisema: AHSANTENI KWA VIDEO. HATUKUTUPA HATA PUNJE MOJA.

Macharia alitabasamu, akapiga picha, akatia kijiko mdomoni. Sumayya aliisoma karatasi mara mbili. Akaichukua simu ya Munyiva akaandika: "Yale yaliyoota kuvu mliyafanya nini?"

Munyiva alicheka, akamkabidhi mwenzake karatasi, akajibu kwa mwili wake. Alishika mchi usiokuwepo. Akatwanga katika kinu kisichokuwepo. Akapepeta, akapika, akala, akalamba vidole kimoja kimoja, na chumba kizima kikacheka na kumpungia mikono hewani, maana wote walimtambua. Alikuwa Urbanus mtupu. Hakukosea hata pale Urbanus alipojipangusa jasho.

Hawa ni watu wa macho. Walikuwa wamepewa picha ya mtaalamu anayesema yaliyoota kuvu yatengwe, kisha anasema hayo uliyotenga nisikilizeni vizuri, kisha anaonyesha namna ya kuyatwanga na kuyala kwa furaha huku ukumbi ukishangilia. Na chini ya picha hiyo, mahali pa maneno yaliyokuwa yakipiga mayowe kwamba msifanye hivi, waliwekewa mabano. Mtu gani mwenye akili timamu angeelewa vingine? Walitii. Walitii kuliko wote waliosikia.

Sumayya aliifunika sufuria kwa sinia, akakaa mbele yake. Akawaashiria wote kwa viganja kwamba waache. Watu wakatazamana, vijiko vimesimama njiani, na uso wa Munyiva ukafunga. Ni tusi kubwa kufunika chakula cha mwenyeji, na Sumayya alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani isipokuwa wenyeji wenyewe.

"Nini sasa?" Macharia aliuliza.

Sumayya akamweleza kwa sentensi mbili. Macharia aliitazama sahani yake, akaiweka chini polepole, na rangi ikamtoka. Lakini alipofungua mdomo, maneno ya kwanza hayakuwa juu ya watoto.

"Andika kulikuwa na shida ya mitambo," alisema kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa na mwingine wa kumsikia. "Maandishi yaliruka hapo kidogo. Tutatuma ingine. Usianze mambo mengi hapa."

Lile ndilo linalomchoma Sumayya hadi leo. Si woga wake, maana kila mtu ana woga. Ni kunong'ona. Mtu anayenong'ona katika chumba cha viziwi amezoea mno kuficha, hata pale asipohitaji. Sumayya alifungua faili ya Januari, akaitupia video ukutani na mistari yake yote mia moja na minne, akamwonyesha Munyiva mahali pake pa kusimama, kando ya ukuta, kama alivyozoea.

Urbanus alitokea ameweka maikrofoni mezani. Maneno yakaanza kupita.

Kuna mama hapa anasema:
"Nitatwanga muthokoi, sumu itoke na maganda."

[Urbanus anamwigiza akitwanga. Watu wanacheka.]

Cheka, mama, lakini umedanganyika.
Ukitwanga, sumu inabaki.

Ukichemsha siku nzima, inabaki.
Haina ladha. Hutaijua.

Usile. Usimpe mtoto.
Hata kuku usimpe.

Munyiva alianza kuwaeleza wenzake kwa kasi yake ya kawaida, anasoma, anageuka, anaonyesha. Kwenye mstari wa pili mikono ikapungua mwendo. Kwenye ule wa mtoto ikasimama hewani. Wenzake wakamgonga mabega wakitaka kujua kimesemwa nini, na ikambidi aseme, yeye, kwa mikono ileile iliyowafundisha kutwanga. Mwanamke mmoja alimpokonya mwanawe bakuli. Mzee mmoja akainuka akakaa tena. Hakukuwa na kelele, ila sauti za viti na pumzi za watu, na Sumayya akatamani mtu apige ukelele ili yeye apate kuvumilia.

Dakika sita zilipokwisha Munyiva alikuja kwenye kompyuta, akamsogeza Sumayya kwa bega na kuandika kwa vidole viwili, herufi kubwa ukutani wote wakiona.

"HAYA MANENO YALIANDIKWA LINI?"

Macharia akakohoa. Sumayya akaandika: "Mwezi wa kwanza. Kabla hamjapata video."

"NANI ALIFUTA?"

"Mimi," Sumayya akaandika, na pembeni akamsikia Macharia akishusha pumzi, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Pumzi ile ikamtia wazimu. Akaongeza: "Bosi aliniambia nifute kwa sababu ni Kikamba. Nilijua ni makosa. Nikafuta."

Munyiva aliyasoma yote bila haraka. Kisha akaandika kwamba Kikamba anakijua. Alikisikia miaka kumi na mmoja, mama yake alimwimbia nacho, hata sasa huota kwa Kikamba. Wangemwekea Kikamba chenyewe, bila tafsiri, angekisoma. "HAMKUULIZA," akamaliza, akaliacha neno hilo ukutani.

Sumayya aliandika kwamba watoto wapelekwe hospitali sasa hivi, kuanzia wenye macho manjano na matumbo yaliyojaa, na wakubwa wafuate. Munyiva akaingia chumbani akatoka na Mumo begani, mtoto mwepesi kuliko umri wake, shingo imelegea. Mama watatu wengine wakasimama na wao. Mmoja alimfunulia Sumayya jicho la binti yake ili aone. Lilikuwa manjano. Sumayya alijua basi kwamba si Mumo peke yake, na kwamba huenda wamechelewa, na kwamba hakuna faili yoyote ya kuhifadhi kando itakayoyarudisha maji yaliyokwisha kumwagika.

Walipofika nje, Macharia alikuwa ameshakaa kiti cha mbele cha pikapu, mkono juu ya tumbo, amefunga mkanda. Alikuwa akimwambia Wathome awashe gari, wapite njia ya Kangundo, kwamba anasikia kichefuchefu.

Sumayya akafungua mlango wa upande wake.

"Bosi, shuka."

"Na mimi nimekula, Sumayya. Uliniona nikikula."

"Umekula kijiko kimoja leo. Hawa wamekula tangu walipopata video."

Macharia alimtazama, kisha akamtazama Mumo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakutaja mwongozo. Alifungua mkanda, akateremka, akasimama kando ya njia akishika mlango ili akina mama waingie. Wathome akawapanga, mama watatu nyuma na watoto magotini, na Munyiva mbele na Mumo wake. Sumayya akabanwa katikati, kati yake na dereva, begi la kompyuta likiwa miguuni. Macharia aliulizia bodaboda mahali zinapopatikana. Waliobaki naye hawakumjibu, maana aliuliza kwa mdomo.

Hawakuwa wamefika hata kwenye lami Munyiva alipoitoa simu na kuandika kwa kidole gumba kimoja, mkono mwingine umeshika kichwa cha mtoto. Sumayya alikuwa amejitayarisha kwa laana. Aliitaka, kwa kweli. Laana ingekuwa nafuu. Munyiva akamgeuzia kioo cha simu.

"Daktari akianza kuongea, niandikie yote. Hata lile baya. Usiniamulie."

Sumayya alisoma, akaitikia kwa kichwa. Munyiva hakuridhika na kichwa. Akamwekea simu mkononi, akangoja, mpaka Sumayya akaandika, neno kwa neno, bila kufupisha: "Nitakuandikia yote."